Kabla ya kununua TV kubwa, mpime mtoto macho

Baba mmoja alifika kliniki siku ya Jumatatu akiwa na mwanawe wa miaka minane. Mtoto akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akageukia kalenda iliyoko ukutani na kuanza kuikunjia macho. Baba mtu hakuliona hilo. Alikuwa na malalamiko yake kuhusu TV.

"Daktari, TV mpya imemharibu mtoto macho," alisema. Maelezo yake yalikuwa hivi. Nyumbani walikuwa na TV ya inchi 32. Kila jioni mtoto alikuwa anasogea hadi anakaribia kugusa kioo, anaambiwa arudi nyuma, baada ya dakika tano yuko palepale. Baba akaamini kioo ni kidogo na picha haina ubora. Akakopa kwenye kikundi, akanunua ya inchi 55, 4K, ambayo muuzaji alimhakikishia kuwa "inalinda macho". Wiki mbili hazijaisha, mtoto akaanza kusogea tena, na sasa analalamika kichwa kinamuuma.

Nilimkalisha mtoto mbele ya chati, umbali wa mita sita. Alisoma mstari wa juu kabisa, wa pili akaubahatisha, wa tatu akanyamaza. Alihitaji lenzi za namba hasi mbili na nusu kila jicho. Nilipomvalisha fremu ya majaribio alitoka hadi mlangoni na kusoma kwa sauti kibao cha dirisha la malipo kilichoko mwisho wa korido.

Baba alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo ile ya zamani ilikuwa inatosha?"

Swali hilo naulizwa mara nyingi, kwa namna mbalimbali, na sina nafasi ya kulijibu vizuri wakati foleni iko mlangoni. Nitalijibu hapa.

Jicho lina kikomo chake

Picha ya TV imeundwa kwa vitone vidogo vinavyoitwa pikseli. TV nyingi ndogo za bei nafuu zina vitone 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Hizo ndizo huitwa HD. Full HD ina 1920 kwa 1080. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani vitone zaidi ya milioni nane, mara nne ya Full HD. Hadi hapo muuzaji yuko sahihi.

Asichokwambia ni kwamba jicho nalo lina kipimo chake. Mtu mwenye uoni wa kawaida, ule tunaouandika 6/6 kwenye kadi, anaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban milimita 0.3 akiwa umbali wa mita moja. Akienda mita mbili inakuwa milimita 0.6. Vikiwa karibu zaidi ya hapo, kwake vinaungana na kuwa kitu kimoja.

Sasa chukua futi kamba upime sebule yako. Nyumba nyingi ninazozijua mimi, kutoka kwenye kochi hadi kwenye TV ni kama mita mbili na nusu. Kwa umbali huo jicho zima linaishia kwenye milimita 0.7 hivi. TV ya inchi 43 ya Full HD ina pikseli zenye upana wa nusu milimita. Tayari ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuzitenganisha. Ukiweka 4K ya inchi hizohizo, kila pikseli inakuwa robo milimita, na wewe uliye kwenye kochi huoni tofauti yoyote itokanayo na vitone hivyo vya ziada. Hata kwenye inchi 55, pikseli ya Full HD ni kama milimita 0.63. Wapo watu wanaoona vizuri kuliko 6/6, hasa vijana, na hao wanaweza kuona tofauti ndogo. Lakini ukitaka kuifaidi 4K ya inchi 55 kikamilifu inabidi ukae mita moja na kidogo kutoka kwenye kioo. Nani anakaa hapo, ukiacha mtoto asiyeona mbali?

Kuna jambo lingine. TV haiwezi kukuonyesha kisichokuja. Chaneli ikirushwa kwa ubora wa kawaida, king'amuzi kinapokea picha ya vitone 720 kwa 576. TV ya 4K ina vitone mara ishirini ya hivyo, kwa hiyo kila kitone kimoja kilichotumwa kinatandazwa kwenye vitone ishirini vya kioo. Ndiyo maana baadhi ya watu wananunua TV kubwa na kuona taarifa ya habari imekuwa na ukungu kuliko kwenye ile ndogo waliyoizoea. Wanadhani macho yao yameharibika. Wengine wanakuja kwetu. Tunapima, tunakuta 6/6, tunawarudisha nyumbani.

Ukiwa dukani, soma namba zilizoandikwa kwenye boksi. Neno "inasapoti 4K" lina maana kwamba TV inaweza kupokea picha ya 4K na kuipunguza. Kioo chenyewe kinaweza kuwa cha 1366 kwa 768. Muulize muuzaji idadi ya pikseli za kioo, aikute imeandikwa, akuonyeshe.

Usikae karibu, utapofuka

Wengi wetu tulikuzwa na onyo hilo. Lina historia, na si ya kijinga kabisa. Mwaka 1967 nchini Marekani iligundulika kwamba baadhi ya TV za rangi zilikuwa zinavujisha mionzi ya eksirei kupita kiwango kilichokubalika. Watu waliambiwa wakae mbali nazo, na mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme. TV hizo zilikuwa za chogo, zilizotumia mrija wa kioo na umeme wa nguvu kubwa sana. Tatizo lilirekebishwa, lakini onyo likasafiri dunia nzima na likabaki midomoni mwa wazazi.

TV bapa haina mrija huo. Hakuna eksirei. Mtoto akikaa karibu nayo hapofuki, na jicho lake haliungui. Na tukisema kweli, TV ni rafiki wa jicho kuliko simu. Mtu anayetazama kitu kilicho mita tatu, misuli ya ndani ya jicho inafanya kazi ndogo mno. Akishika simu sentimita 25 kutoka usoni, misuli hiyo inafanya kazi mara kumi na mbili ya ile. Nikiambiwa nichague mtoto atazame katuni kwenye kipi, nitasema TV, tena bila kufikiri.

Hatari ya kumgombeza mtoto arudi nyuma ni kwamba anatii. Anakaa kwenye kochi, anatazama ukungu, na dalili pekee uliyokuwa nayo imetoweka. Shuleni anakaa nyuma, ubao hauoni, ananakili kwa jirani, mwalimu anaandika "hasikilizi darasani". Nimeona watoto waliokaa miaka miwili hivyo.

Kwa hiyo badala ya kumfukuza, mpime. Wakati wa taarifa ya habari kuna maandishi yanayopita chini ya kioo. Mkalishe mtoto pale unapokaa wewe, azibe jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, akusomee. Kisha azibe la pili. Asiyejua kusoma mwulize ni nembo gani iko kwenye kona, au mtangazaji amevaa nini. Akishindwa wakati wewe unaona, au jicho moja linasoma na jingine halisomi, mlete. Hilo la jicho moja ni la kuharakisha, kwa sababu mtoto mwenye jicho moja zima hulalamiki chochote nyumbani. Anatumia lile zima. Lile jingine ubongo unalisahau, na kulirudisha baada ya umri wa miaka saba au nane ni kazi ngumu kuliko akiwa na minne.

Ukiona mboni inang'aa nyeupe, au kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera jicho moja linatoka jeupe badala ya jekundu, usisubiri miadi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto. Nenda hospitali kesho yake.

Wazazi wenye watoto wenye ualbino, naomba niseme nanyi kidogo. Mtoto wenu anasogelea TV kwa sababu sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikukomaa kama ya wengine. Miwani inamsaidia lakini haimfikishi 6/6. Kwake kusogea ndiyo dawa: akipunguza umbali kwa nusu, picha inakuwa kubwa mara mbili. Mwacheni akae mbele, hata kama wageni wanasema. Kwa mtoto huyu, na kwa mtu mzima ambaye uoni umepungua na hautengenezeki, ukubwa wa kioo una maana kuliko wingi wa pikseli. Chagueni kioo kisichoakisi kama kioo cha kujitazamia, mpunguze mng'ao, na TV isiwekwe mkabala na dirisha.

LED, QLED, OLED

Majina haya yanawachanganya watu bila sababu. TV nyingi madukani, ziitwe LED au QLED, zina kioo cha LCD. Kioo hicho hakiwaki chenyewe. Nyuma yake kuna taa ndogo za LED zinazomulika, nacho kinafungua na kufunga njia ya mwanga. QLED ni ileile, imeongezwa tabaka la chembe ndogo mno zinazofanya rangi zikolee. OLED ni tofauti: kila pikseli inawaka na kuzimika yenyewe, hivyo nyeusi ni nyeusi kweli. Ni nzuri, ni ghali, na ukiacha chaneli moja saa nyingi kila siku nembo yake inaweza kuganda kwenye kioo.

Kwa upande wa afya ya macho, hakuna mojawapo itakayokuponya au kukupofusha. Mwanga wa bluu unaosemwa sana haujathibitishwa kuharibu jicho kwa kiwango kinachotoka kwenye TV. Mwaka 2023 jopo la Cochrane lilipitia majaribio 17 ya miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, likaona kwamba kwa muda mfupi huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Kama umeombwa kulipia zaidi kwa ajili hiyo, iwe ni miwani au TV, ibaki na hela yako. Kinachosumbua kweli ni usingizi: mwanga mkali na msisimko wa kipindi saa tatu usiku humchelewesha mtoto kulala, na hilo linatibiwa kwa kitufe cha kuzimia.

Mambo mawili ya teknolojia ndiyo ningeyaangalia. La kwanza ni pembe. Baadhi ya vioo vya LCD, ukivitazama kutoka pembeni rangi zinafifia. Sebuleni mtu mzima yuko kwenye kochi mbele, watoto wako kwenye mkeka pembeni. Dukani usisimame katikati tu. Sogea kushoto, chuchumaa, utazame kama mtoto atakavyotazama. La pili ni kumemeta. Baadhi ya TV zinapunguza mng'ao kwa kuwasha na kuzima taa za nyuma kwa kasi kubwa. Wengi hawaoni kitu, ila wapo wanaopata maumivu ya kichwa, hasa wenye kipandauso. Punguza mng'ao wa TV ya dukani, kisha itazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi minene ikipita kwenye kioo, na wewe ni mtu wa kichwa kuuma, jaribu nyingine.

Ukifika nyumbani, badilisha mpangilio wa picha. TV hutoka kiwandani ikiwa imewekwa mng'ao wa kushindana na taa za duka. Chagua mpangilio wa sinema, na usizime taa zote za chumba. Iweke kioo usawa wa macho ya aliyeketi. TV iliyopachikwa karibu na dari inakufanya ufumbue macho zaidi, machozi yanakauka haraka, na shingo inakudai asubuhi.

Mwenye kifafa

Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, kipindi cha katuni cha Pokémon kilionyesha mimweko ya rangi nyekundu na bluu iliyopishana kwa kasi, kama mara kumi na mbili kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Usiku huo watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana kifafa.

Si kila mgonjwa wa kifafa anaathiriwa na mwanga. Ni wachache, na wengi wao ni watoto wakubwa na vijana. Kama daktari wako amekwambia mwanao ni mmojawapo, hapa ndipo umbali una maana ya kweli. Akae mita mbili na nusu au zaidi, chumba kiwe na mwanga, na TV isiwe kubwa kupita sebule, maana kioo kinavyojaza macho ndivyo hatari inavyopanda. TV za chogo zilimemeta zenyewe. Ukiweza achana nayo. Na mfundishe mtoto: mimweko ikianza, azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuze uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa sababu mwanga unapenya kope. Dawa zake asiziache kwa sababu mmenunua TV nzuri.

Bibi anayesema TV imechakaa

Kuna kundi lingine linalonunua TV kimakosa, nalo ni la wazee. Bibi anasema TV imefifia, rangi zimekuwa za njano, nyuso za watangazaji zina moshi. Watoto wake wanachanga, wanamletea mpya. Anaishukuru, wiki ya pili anasema nayo imeanza kufifia. Kwa umri wake, mara nyingi kilichofifia ni lenzi ya jicho: mtoto wa jicho. Upasuaji wake ni mfupi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Mwulize kama taa za magari usiku zinamsumbua, na kama sura za watu barabarani nazo zina moshi. TV haiwezi kufifisha sura za watu barabarani.

Mwenye kisukari ambaye leo anasoma maandishi ya TV vizuri na wiki ijayo hayasomi, aanze kwa kupima sukari. Ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho inavimba na kusinyaa nayo. Akachunguzwe na sehemu ya nyuma ya jicho, angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri.

Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, wa mwaka mmoja haishauriwi, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Muda huo ukipunguzwa upelekwe nje. Mtoto anayecheza juani kama saa mbili kila siku ana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali.

Na TV ifungwe ukutani au ikazwe kwenye kabati kwa mkanda. Inchi 55 iliyosimama kwenye miguu miwili membamba, mtoto wa miaka miwili akivuta waya, inamwangukia kichwani. Hilo ndilo jeraha la TV ninaloliogopa kuliko yote niliyoandika hapa.

Yule baba nilimjibu kwamba ndiyo, ile ya inchi 32 ilikuwa inatosha, ila hii aliyonunua haina kosa, aendelee nayo. Alicheka kidogo, akasema deni la kikundi litamkumbusha hadi Desemba. Miwani waliichukua siku nne baadaye, na mtoto sasa anatazama katuni akiwa kwenye kochi na dada zake. Nimewapangia kurudi baada ya miezi sita, kwa sababu macho ya umri ule hubadilika upesi na lenzi za leo huenda zisimtoshe mwakani.